Kuwapeleka watoto wadogo Disney World: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shule zikikaribia kufungwa maswali ni yale yale, iwe msikitini, kanisani, harusini au kwenye kundi la WhatsApp. Nimeyakusanya hapa ili atakayeuliza tena atumiwe kiungo tu, tusianze upya. Yanahusu Walt Disney World ya Florida. Nimewaandikia wenzangu tunaoishi Marekani, hasa sisi wa Georgia na majimbo ya jirani tunaoshuka Orlando kwa gari, tena mwenye watoto wa chini ya miaka saba. Mwenye vijana wa sekondari atafute ushauri kwingine. Bei hupanda kila mwaka, kwa hiyo zilizotajwa ni za kukupa mwanga tu.

Mtoto wetu ana mwaka na nusu, hatakumbuka kitu. Kuna maana ya kwenda?

Hatakumbuka, na asikudanganye mtu. Kama ndiye mtoto wenu pekee na fedha ni za kuungaunga, ngojeni afike miaka minne au mitano. Umri huo anatembea mwenyewe, anasema akibanwa na haja, anawajua wahusika wa katuni kwa majina, na wengi wameshafikia urefu wa kuruhusiwa kwenye michezo mingi ya kupanda.

Akiwa na kaka na dada, nendeni. Yeye anaingia bure. Ila mkubaliane mapema, baba na mama, kwamba mdogo kuliko wote ndiye mwenye ratiba. Akilala, mmelala. Akichoka, mmechoka. Zile ratiba za mtandaoni zinazoahidi michezo kumi na mitano kwa siku ziliandikwa na watu wasio na mtoto mgongoni.

Disney World ni mahali pamoja au pengi?

Pengi. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 100 nje ya Orlando, lenye bustani nne kubwa za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kuna pia bustani mbili za maji, hoteli zaidi ya 20, na eneo la maduka liitwalo Disney Springs. Huwezi kuhama bustani moja hadi nyingine kwa miguu ukiwa na watoto. Ni basi, gari, au kwa baadhi yake treni ya juu na vibehewa vya kamba.

Tiketi ya kawaida ni ya bustani moja kwa siku. Ile ya kuhamahama, Park Hopper, achaneni nayo. Kumtoa mtoto wa miaka mitatu bustani moja saa tisa alasiri, umpandishe basi, umwingize nyingine, ni adhabu ya kujitakia.

Tuna siku mbili tu. Twende wapi?

Magic Kingdom na Animal Kingdom.

Magic Kingdom ndiyo yenye ile ngome ya kwenye picha, na ndiyo yenye michezo mingi kuliko zote ambayo haina kipimo cha urefu: Dumbo, farasi wa kuzunguka, Peter Pan's Flight, Winnie the Pooh, mashua ya “it's a small world”, na treni ya mvuke inayoizunguka bustani nzima. Nyuma ya Dumbo kuna uwanja wa kurushiana maji wenye treni ya sarakasi. Mtoto atakaposikia maji yakipiga kelele hutamzuia, basi weka nguo za kubadilisha kwenye mkoba. Kama mnatumia picha za rafiki aliyekwenda zamani, jueni kwamba ule mto mkubwa, kisiwa cha Tom Sawyer na meli yake vilifungwa Julai 2025 kupisha ujenzi.

Animal Kingdom nimeieleza chini kwenye swali lake, maana kwetu sisi ina lake jambo.

Mkiwa na siku ya tatu, EPCOT: samaki wa baharini ndani ya jengo lenye ubaridi, mchezo wa Remy, yule panya mpishi wa katuni, uliofunguliwa 2021, mashua ya Frozen Ever After. Hollywood Studios iwe ya mwisho. Kama watoto wenu wote hawajafika sentimita 97, iacheni kabisa mpaka safari nyingine. Mtalipa bei kamili kwa kuangalia wengine wakifurahi.

Tiketi za watoto zinahesabiwaje?

Aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu. Wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, ambayo ni pungufu kwa dola chache tu, kwa hiyo msitegemee nusu bei kama kwenye daladala. Kuanzia miaka 10 ni mtu mzima.

Bei hutegemea tarehe na bustani. Tiketi ya siku moja huanzia kama dola 120 siku za kupoa, na kufika kwenye 200 Magic Kingdom wakati wa Krismasi. Ukinunua siku nyingi kwa mkupuo, kila siku inayoongezeka hugharimu kidogo kuliko iliyotangulia, na ndiyo maana siku nne si ghali mara mbili ya siku mbili. Tangu Januari 2024 mwenye tiketi ya tarehe maalumu halazimiki tena kuweka nafasi ya bustani kando. Nasikia bado kuna wanaohangaika na jambo hilo.

Kama mtoto anatimiza miaka mitatu mwezi wa kumi, safari ya mwezi wa tisa itawaokolea zaidi ya dola mia. Hiyo ni halali kabisa. Kumshusha umri mtoto wa miaka mitano ni jambo jingine, na mtoto mwenyewe ndiye atakayewaumbua getini kwa kutaja umri wake kwa sauti.

Kuna mtu anauza tiketi zilizobaki siku mbili kwa nusu bei. Tununue?

Hapana. Tiketi ikishatumika na mtu hairuhusiwi kuhamishwa kwa mwingine, na mtu mzima huweka kidole kwenye mashine getini. Vibanda vya barabara ya 192 kule Kissimmee vinavyotangaza tiketi za bure navyo vina lao: wanakuingiza kwenye kikao cha kuuziwa hisa ya nyumba ya likizo. Wanasema dakika 90. Keti humo na watoto watatu uone asubuhi inavyokwisha.

Twende mwezi gani?

Watoto ambao hawajaanza shule ni neema, maana mnaweza kwenda wakati wengine wako darasani. Kutoka mwisho wa Agosti hadi Septemba foleni hupungua sana, ila joto ni kali na ni msimu wa vimbunga, unaoanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Katikati ya Januari baada ya sikukuu ya Martin Luther King, na wiki mbili za kwanza za Desemba, pia ni nafuu, na hewa ni nzuri.

Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya msiende. Najua ndipo likizo zote zinapokutana na ndipo shangazi anapotoka Texas. Msiende hata hivyo. Wiki za Pasaka na likizo za Machi nazo hujaa.

Tulale hoteli ya Disney au tupange nyumba?

Inategemea mko wangapi. Familia ya watu wanne ikilala hoteli za bei ya chini za Disney, yaani All-Star, Pop Century na Art of Animation, hupata basi la bure, maegesho ya bure kwenye bustani, na kuingia dakika 30 kabla ya wengine. Hizo dakika 30 si mchezo. Ndani yake mnaweza kupanda Peter Pan kabla foleni haijafika mlangoni. Kati ya hizo, mimi huwaambia wenye kigari cha mtoto wachague Pop Century au Art of Animation kwa sababu ya Skyliner, vile vibehewa vya kamba vinavyokwenda EPCOT na Hollywood Studios. Kigari mnaingia nacho kikiwa wazi na mtoto amelala ndani. Kwenye basi huenda mkatakiwa mkikunje, mtoto aamshwe, na mkoba, chupa na viatu vishikwe na mtu ambaye mikono yake imeshajaa.

Familia ya watu saba au wanane, na kwetu ni nyingi, ipange nyumba Kissimmee au Davenport. Kuna jiko, mashine ya kufulia na vyumba vya kutosha, na mkigawana na familia nyingine mtalipa kidogo kuliko vyumba viwili vya hoteli. Ubaya ni kuendesha gari kila siku na kulipia maegesho.

Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Nyumba hizo nyingi zina bwawa la kuogelea nyuma ya mlango wa kioo. Hapa Marekani kuzama majini ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, angalieni kengele ya mlango huo inalia na komeo la juu linafunga. Mkiwa bwawani awepo mtu mzima mmoja mwenye zamu anayejulikana kwa jina, asiyeshika simu. “Tuko wengi, tunawaona” ndiyo hali ambayo hakuna anayewaona.

Mtoto hajafika urefu. Atazuiwa kila mahali?

La. Michezo mingi ya Magic Kingdom haina kipimo. Yenye kipimo mtoto hupimwa mlangoni kwa fimbo, akiwa na viatu vyake vya kawaida, na mfanyakazi habembelezwi. Kwa kukusaidia, kwa bustani zote nne: gari za Tomorrowland Speedway ni sentimita 81 kwa abiria, Barnstormer 89, Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash 97, Tiana's Bayou Adventure na Soarin' 102, Space Mountain na Expedition Everest 112, TRON 122. Mpimeni nyumbani kwenye fremu ya mlango kabla ya kumwahidi chochote. Aliyekosa sentimita moja baada ya kuahidiwa wiki nzima atalia mpaka mchana.

Wakubwa wanaotaka kupanda wasijinyime. Kuna utaratibu wa bure uitwao Rider Switch: mnafika wote mlangoni, mnamwambia mfanyakazi mna mtoto asiyepanda, mmoja anabaki naye. Wa kwanza akitoka, aliyebaki anapita njia ya haraka bila kupanga foleni upya, na anaruhusiwa kuongozana na mwingine. Kwa hiyo yule mkubwa wa miaka saba hupanda mara mbili, na huwa hasahau kuwatambia wenzake.

Lightning Lane ni lazima?

Si lazima. Ni kulipia kupita foleni fupi. Tangu Julai 2024 utaratibu ni huu: kwa ile ya Multi Pass mnachagua michezo mitatu mapema kwenye programu ya simu, wageni wa hoteli za Disney siku 7 kabla, wengine siku 3 kabla. Kila mmoja mwenye tiketi hulipiwa, na bei hubadilika siku hadi siku. Ningelipia Magic Kingdom siku yenye watu wengi, kwa sababu mtoto wa miaka minne kusimama foleni ya dakika 70 ni mateso kwake na kwa waliomzunguka. Animal Kingdom singelipia. Mkiwahi asubuhi haina kazi.

Siku yenyewe tuipangeje?

Wahini. Hilo ndilo la kwanza, la pili na la tatu. Bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, saa mbili kasoro muwe maegeshoni. Magic Kingdom hasa ina mtego: ukishaegesha gari bado hujafika. Unashukia kituo kiitwacho Ticket and Transportation Center, unapanga foleni ya ukaguzi, halafu unapanda treni ya juu au feri kuvuka ziwa. Wanaokuja na mabasi ya hoteli za Disney wanashushwa karibu na geti. Watoto wanaipenda feri, basi asubuhi pandeni treni, jioni wakati wa kurudi pandeni feri.

Saa mbili za mwanzo mtapanda michezo mingi kuliko mchana kutwa. Kuanzia saa tano watu wanajaa, jua linawaka, na watoto wanaanza kugombana kwa sababu ambazo hata wao hawazijui. Saa saba tokeni. Rudini hotelini, wale, walale, waogelee, mrudi saa kumi na moja jua likipoa. Wengi wanaona huko ni kupoteza fedha kwa kuwa tiketi ni ya kutwa. Lakini fedha zinapotea kwenye ile alasiri ya kuburuzana, mtoto analia na baba amenuna.

Mkilala mbali na hamwezi kurudi, kuna mahali pa kulaza mtoto humo humo. Magic Kingdom kuna PeopleMover, kigari cha polepole kinachopita juu ya Tomorrowland kwenye upepo. Carousel of Progress, ukumbi wa baridi ambao viti vyake vinazunguka taratibu. Na Hall of Presidents, ambamo marais wa sanamu wanahutubia gizani. Sijawahi kukutana na mtoto aliyeimaliza hotuba hiyo akiwa macho, na kina baba pia.

Mtoto wa miaka mitano anahitaji kigari kweli?

Anahitaji. Kwa siku mtu hutembea hata kilomita kumi, na hakuna wa miaka mitano anayezimaliza bila kubebwa. Mnaweza kukodi getini, vile vigari vigumu vya plastiki, au kuja na chenu. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, na vile vya mfano wa mkokoteni wa kuvuta haviruhusiwi.

Kila mchezo una mahali pa kuegesha vigari nje, na wafanyakazi huvipanga upya mkiwa ndani, kwa hiyo kitakuwa kimehamishwa. Funga kipande cha kitenge kwenye mpini. Vigari vya kijivu viko mia, chenye kitenge cha manjano kiko kimoja. Pochi na hati za kusafiria usiziache humo.

Tunaweza kuingia na chakula chetu?

Ndiyo, na fanyeni hivyo. Marufuku ni pombe, chupa za kioo isipokuwa vile vichupa vya chakula cha mtoto, na barafu ya vipande. Tumia vile vifurushi vya kugandisha. Sambusa, chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, maandazi, vyote vinapita ukaguzi. Wali wa nazi kwenye joto lile mnaujua wenyewe ifikapo saa saba. Maji baridi huombwa bure kwenye vibanda vinavyouza vinywaji kwa bomba. Msinunue ya chupa.

Mkiamua kula vyao, sahani ya mtu mzima kwenye sehemu za haraka huwa kati ya dola 12 na 20. Agizeni kwenye programu ya simu mkiwa bado foleni ya mchezo, mkifika mnachukua tu. Migahawa ya kukaa mezani huwekewa nafasi hadi siku 60 kabla, na ile ya bufee haiwatozi walio chini ya miaka 3.

Vipi halali, na sisi tusiotumia pombe?

Wakati wa kuweka nafasi andikeni ombi la halali, na mkifika mwombeni mpishi aje mezani. Huja, ni kawaida yao. Kwenye vibanda vya haraka msitegemee nyama ya halali, chukueni samaki au za mboga.

Tahadhari moja ambayo hakuna anayewaambia: bufee ya Boma pale hoteli ya Animal Kingdom Lodge ina keki ndogo zenye mistari ya chokoleti kama pundamilia, zinaitwa Zebra Domes. Watoto wanazipapatikia. Zina Amarula ndani yake, ambayo ni pombe.

Kwa swala, waulizeni ofisi ya Guest Relations getini wawaelekeze sehemu tulivu. Na akina mama: dera linaloburuta chini halitakiwi, tena kwenye ngazi za umeme ni hatari. Vaeni la kifundoni.

Pampasi, kunyonyesha, choo?

Kila bustani ina Baby Care Center, na ningetaka wazazi wote waijue kabla ya kujua mchezo wowote. Ndani kuna vyumba vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia, viti virefu vya kulishia, maikrowevu ya kupashia chakula cha mtoto, na duka dogo la pampasi na maziwa ya kopo kwa aliyeishiwa. Kuna baridi na kimya. Kunyonyesha mnaweza popote pengine pia, hakuna wa kuwauliza.

Mtoto aliyeachishwa pampasi karibuni ataviogopa vyoo vyao, maana vinajimwagia maji vyenyewe kwa kishindo akiwa bado amekaa. Beba karatasi zile za kunata za ofisini, bandika moja juu ya kile kijicho chekundu, atamaliza kwa amani. Ukishamtoa, bandua.

Bibi amekuja kutoka nyumbani. Ataweza?

Ataweza, na kama magoti yanasumbua kodini kiti cha magurudumu getini mapema kabla havijaisha. Msimfanye mlinzi wa mikoba. Mpelekeni EPCOT kwenye mashua ya Living with the Land, haina kipimo wala mtikisiko. Mashua inapita ndani ya shamba la kioo lenye mipapai, migomba na mafenesi yananing'inia usawa wa macho. Bibi wa Muheza anayeona Wamarekani wakipiga picha fenesi atakuwa na la kuhadithia mwaka mzima.

Asubuhi yenye mbio mwacheni apumzike. Aje jioni na basi, akiwa na nguvu ya kumshika mjukuu mkono.

Ni kweli kuna kijiji cha Waswahili ndani ya Animal Kingdom?

Kinaitwa Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki. Waliojenga waliangalia Lamu na pwani yetu: kuta zilizochubuka rangi, milango ya mbao, matangazo ya biashara kwa Kiswahili ubaoni, na mwaka 1961 umeandikwa kama mwaka wa uhuru wa mji huo. Kiswahili cha mabango mengine kinachekesha kidogo. Lakini kwa watoto wetu waliozaliwa huku, ambao Kiswahili wanakisikia tu mama akikasirika, kukikuta kimeandikwa ukutani mahali ambapo darasa zima linatamani kwenda kunawashangaza. Wapeni kazi: kila neno analolisoma na kulijua, pointi moja. Mtakaa hapo nusu saa bila kulipia chochote.

Kutoka hapo mnapanda gari la wazi la Kilimanjaro Safaris. Nendeni huko kwanza kabisa asubuhi, wanyama wakiwa wanatembea na kula. Kuna tembo, twiga, faru, viboko, simba juu ya mwamba, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ambao wenzetu wa Uganda, Rwanda na Burundi huwapigia kelele kuliko simba. Mibuyu mingi mnayoiona ni ya saruji. Wanyama ni wa kweli. Gari linarukaruka kama njia ya vumbi ya kijijini, mshikeni mtoto. Aliyekwisha kwenda Serengeti au Mikumi asianze kulinganisha kwa sauti. Watoto hawajafika huko.

Jioni, hata kama hamlali hapo, mnaweza kuweka nafasi mgahawa wa Sanaa kule Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village. Madirisha yanatazama uwanja wenye twiga na pundamilia. Agizeni sinia la mikate: naan za moto na vibakuli vya chatne na achari vya kuchovya. Kwa mtu wa pwani ni chakula kinachoeleweka, na watoto wanakula wakiangalia nje, hakuna wa kuwabembeleza.

Mtoto akipotea?

Mwambieni mfanyakazi wa karibu saa hiyo hiyo, msianze kumtafuta wenyewe kwanza. Wanajulikana kwa kibao cheupe kifuani chenye jina. Mfundisheni mtoto kukitambua kibao hicho siku ya kwanza, mwonyesheni watatu wanne akiwa na utulivu. Watoto waliopotea hupelekwa Baby Care Center. Kila asubuhi mpigeni picha nguo alizovaa, na namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi. Familia kubwa shoneni sare ya kitenge. Inaonekana kutoka mbali, na mtu baki akimwona mtoto peke yake anajua wenzake ni akina nani.

Mvua je?

Kiangazi cha huku (summer) itanyesha, karibu kila alasiri, kwa radi. Michezo ya nje husimamishwa radi ikiwa karibu. Nunueni makoti ya mvua ya plastiki kabla ya safari, ya dola moja, kwa kuwa ya ndani ni ghali. Kisha msikimbie: nusu ya watu hukimbilia magari yao, na mvua ikikatika foleni zinakuwa fupi kuliko saa zote za mchana.

Mwanangu anaogopa giza na makelele.

Msimlazimishe, hata kama foleni mmekaa saa nzima. Kila mchezo una njia ya kutokea kabla ya kupanda. Wiki moja kabla mwonyesheni video za michezo YouTube, achague mwenyewe. Fataki za usiku zina mshindo. Mvalisheni vizuia sauti vya masikioni, au tazameni kutoka mbali, kwenye gati la feri upande wa maegesho, ambapo zinaonekana na mko karibu na gari.

Wahusika waliovaa sanamu nao huwatisha wengi. Yule Mickey wa kwenye televisheni ni mdogo, huyu ana kichwa kikubwa kuliko cha baba. Msimsukume mtoto mbele kwa ajili ya picha. Simameni pembeni, apunge mkono.

Tumepiga hesabu, fedha hazitoshi.

Familia ya watu wanane kwa siku moja ni karibu dola elfu moja au zaidi kabla hamjala. Si kila mtu anazo, wala si aibu. Kwa walio chini ya miaka mitano, Peppa Pig Theme Park kule Winter Haven, mwendo wa saa moja hivi kutoka Orlando, ni ndogo, nafuu, na mnaimaliza kwa siku moja bila kukimbia. Legoland iko jirani yake. Fun Spot America ya Orlando haina kiingilio, mnalipia michezo mtakayopanda tu.

Na mkitaka Disney bila tiketi, Disney Springs kuingia na kuegesha ni bure. Kuna duka la Lego lenye joka kubwa la baharini limejengwa kwa vipande vyake ndani ya ziwa, na boti za kupita. Nendeni Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumamosi jioni kupata maegesho tu ni saa nzima.